Pombe Iliyochacha na Ng'ombe wa Mzee Karekezi

Nyinyi mnaoanza kazi ya mifugo sasa mna simu. Mnampiga ng'ombe picha akiwa amelala, mnaituma Kigali, na kabla hamjafunga mkoba mtu aliyekaa kwenye kiti ameshawajibu. Siwaonei wivu. Ila msidhani picha itawaonyesha wale watu waliosimama nyuma ya ng'ombe na fimbo zao, wakisubiri mtaje jina la mtu.

Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo huku Cyangugu tangu nikiwa na nywele kichwani. Watu waliniita Docteur Sudi, na kuwasahihisha nilichoka mapema. Nimezaliwa Kamembe, mtoto wa fundi cherehani Mwislamu ambaye alitaka nishone suruali. Badala ya suruali nimeshona matumbo ya ng'ombe. Nimechanja, nimezalisha, nimepigwa mateke mahali ambapo sitawaambia. Hayo hayakunichosha. Kilichonichosha ni sumu. Tena si sumu yenyewe, maana sumu ina mwisho wake, mnyama anakufa au anapona. Nilichoshwa na watu wanaoizungumzia.

Kwetu mnajua wenyewe, mtu hakupi pombe kabla ya kuonja mbele yako. Mgeni akifika, mwenye nyumba anapiga funda moja, ndipo chombo kinakwenda kwa mgeni. Tumezaliwa tukiona hivyo na hakuna anayekasirika. Lakini maana yake ni kwamba kila mmoja wetu amekua akijua kuwa jirani anaweza kumlisha kitu. Sasa juu ya hilo weka jenosidi. Weka miaka iliyofuata, wengine wanarudi kutoka Kongo walikozaliwa, wengine wanarudi kutoka kambini, wengine hawakwenda popote ila wamebaki peke yao katika nyumba iliyokuwa imejaa watu, na wote hao wanachota maji mahali pamoja. Katika miaka hiyo mbuzi alikuwa akikohoa tu, tayari ana adui.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anselme, mtu mfupi, mvuta kiko, mwenye koti lenye mifuko ambayo hakuna aliyejua mwisho wake. Akiitwa kwenye mzoga, hakwenda kwenye mzoga. Alizunguka kwanza jikoni, nyuma ya choo, kwenye jalala. Watu wanamwita, "Docteur, mzoga iko huku!" naye yuko anachokora takataka kwa fimbo. Siku moja tuliitwa Gikundamvura, mbuzi wa mtu wamekufa wote asubuhi moja, na tulimkuta mwenye mbuzi amemkaba shemeji yake ukosi wa shati. Anselme alipotea nyuma ya nyumba, akarudi na konzi ya maganda ya muhogo mchungu, mabichi kabisa, akamjaza mwenye mbuzi kiganjani. "Shemeji yako ndiye huyu," akamwambia. Muhogo ule una sumu yake, na maganda yasipoanikwa juani mpaka yakauke, mbuzi hapewi. Yule shemeji alinyoosha ukosi wake, na sijui kama waliwahi kula pamoja tena.

Mzee Anselme aliuawa katika jenosidi, kwenye mlima ambao karibu kila boma lake aliwahi kulitibia ng'ombe. Nimeandika hilo na siwezi kuliongezea.

Baada yake nilibaki nikizunguka peke yangu na baiskeli. Sumu, sumu, kila mahali naitwa kwa sumu. Kamembe mfanyabiashara mmoja aliniita kwa mbwa wake. Nilimkuta mbwa analowa maziwa na mawese kuanzia pua hadi mkia, maana huku kwetu kila sumu watu wanaitibu kwa maziwa, hata ile ambayo maziwa yanaisaidia iingie mwilini vizuri. Mpangaji wa yule bwana alikuwa ameshafukuzwa, nilipishana naye njiani na godoro kichwani. Nilimfungua mbwa mdomo. Mfupa wa mbuzi ulikuwa umemkwama kati ya meno ya nyuma, umeshikilia kaakaa. Niliuchomoa kwa koleo, mbwa akajitingisha, akaturushia mawese wote. Nilimwambia yule bwana amrudishe mpangaji wake. Akasema atafikiria.

Lakini kitu nilichotaka kuwaambia ni cha Mururu.

Kutoka Mururu unaiona Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, nyumba kwa nyumba. Katika miaka ya vita vya Kongo kulikuwa na siku tulisikia mizinga ya huko tukaendelea kuchanja. Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na kila ukifungwa kitu fulani kilikuwa kinapotea madukani. Mara nyingi ilikuwa chumvi. Mtu wa kawaida anaweza kula mboga bila chumvi akanuna tu. Mfugaji hawezi kunyamaza, kwa sababu ng'ombe wetu wamezoea kunyweshwa maji ya chumvi, na wakikosa wanalamba kuta, wanalamba mashati, wanamlamba hata mwenyewe.

Mzee Karekezi alikuwa mfugaji wa namna hiyo. Alizaliwa na kuzeekea ng'ambo, upande wa Uvira, akarudi nchini na mke wake Maman Riziki na ng'ombe wanne waliovuka kwa miguu. Alikuwa anawajua ng'ombe hao kuliko alivyowajua majirani zake. Hakuwa na shamba la maana, hakuwa na mtoto karibu. Ukimuuliza hali yake anakujibu kwa hali ya ng'ombe, kwamba Gaju ana mimba, kwamba yule mweusi amepungua maziwa.

Jirani yake wa chini alikuwa Maman Feresita. Mume wake alikuwa gerezani akingojea hukumu, na kila mtu mlimani alijua kwa nini, au alidhani anajua. Yeye na watoto wake waliishi kwa kupika urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, na aliipika vizuri. Lakini tangu mume achukuliwe, wanywaji walianza kupita mbele ya mlango wake wakiangalia upande mwingine, na pombe ilikuwa inachacha mitungini. Juu ya hayo, ng'ombe wa Karekezi waliingia katika viazi vyake vitamu wakala tuta zima. Feresita alisimama njiani akapiga kelele, mlima wote ukasikia: "Ngombe zako, Mzee, siku moja zitaona!" Ni maneno ambayo mtu yeyote mwenye viazi angesema.

Siku yenyewe nilikuwa juu ya mlima huohuo nachanja. Maman Riziki alikuja anakimbia bila viatu, kitenge kimemfunguka anakishika kwa mkono.

"Docteur, kuya mbio! Ngombe ziko zinaanguka! Kila moja inaanguka!"

Niliacha chanjo kwenye barafu yake nikateremka naye. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, matumbo juu, povu puani. Wa tatu, yule mweusi, alikuwa chini analia, ngozi inamcheza mwili mzima, miguu inapiga hewa. Gaju alikuwa bado amesimama, miguu ameipanua, anasaga meno, ubavu wa kushoto umeanza kuvimba. Na karibu na ua walikuwa wanaume wa mlima na fimbo zao, katikati yao Maman Feresita. Walikuwa wamemtoa kwake hata mikono hajanawa, ndizi zilikuwa bado zimemganda vidoleni.

"Wamekunywa nini? Wamekula nini?" niliuliza.

"Uliza huyu mulozi," mmoja akanijibu. "Yeye njo anajua balikula nini."

Mulozi, yaani mtu wa kulisha wenzake sumu. Miaka ile neno hilo lilikuwa linatosha kumfanya mtu asifike jioni, na Feresita alilijua hilo kuliko mimi. Hakuwa analia. Aliangalia kisu nilichokuwa nakitoa mkobani.

Nilimpasua mmoja wa waliokufa, ubavu wa kushoto, pale ambapo tumbo kubwa liko karibu na ngozi. Vijana, fanyeni haraka mkipasua, maana mzoga uliokaa juani unawadanganya, kila kitu kinanuka. Huyu alikuwa bado na joto. Hewa ilitoka, na kabla pua haijaelewa macho yalikwishajaa machozi, kama umeingia choo cha shule mwezi wa kiangazi. Harufu hiyo mkikutana nayo tumboni mwa ng'ombe aliyekufa ghafla, msitafute mchawi. Tafuteni mbolea.

Nilifanya kama Anselme, nikauacha mzoga nikazunguka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibumbiro, lile birika la udongo la kunyweshea, maji yamebaki chini kidogo, na ndani yake umelowekwa mfuko mweupe wa nailoni, maandishi yamefutika. Mzee Karekezi alinifuata.

"Ni mufuko ya chumvi, Docteur," akasema. "Ilikuwa na kipande imeganda mu pembe. Nikailoweka, bapate kukunywa yote, isipotee bure."

Hilo kila mfugaji alikuwa anafanya. Mfuko wa chumvi hautupwi, unalowekwa mpaka utoe ya mwisho. Nilikung'uta pembe ya mfuko, nikapata punje kidogo ambazo hazijayeyuka, nikazisugua kati ya vidole vilivyolowa. Zikapoa ghafla, baridi kama umeshika chuma asubuhi. Chumvi ya kupikia haifanyi hivyo.

"Hii haiko chumvi, Mzee. Ni urea. Ni mbolea ya mupunga."

"Mbolea?"

"Ile banatupa mu mashamba ya Bugarama. Ngombe akikunywa nyingi inageuka sumu ndani ya tumbo."

Mzee Karekezi alikaa chini palepale kwenye tope. Aliniangalia, akaangalia mfuko, akaanza kujipiga kifua kwa ngumi, taratibu, bila sauti. Niliumia sana kumwona. Lakini ng'ombe wa nne alikuwa bado amesimama, na huruma ilibidi ingoje.

Dawa ya urea si ya ajabu. Ni maji baridi, mengi, na kitu kichachu, kingi pia, vinamiminwa tumboni kabla mnyama hajaanguka. Kwenye vitabu wanaandika siki. Siki Mururu ilikuwa wapi? Ndimu za mlima mzima zisingejaza kikombe. Nilirudi mbele ya ua nikauliza kwa sauti nani ana pombe iliyochacha kabisa, ile ambayo hata mlevi anaikataa.

Macho yakamwendea Feresita. Wote walikuwa wanajua ni nani, na mimi nilikuwa najua.

"Docteur," mzee mmoja akasema polepole, kama anazungumza na mgonjwa wa kichwa, "ameuwa mbili kwa kujificha. Sasa unataka amalize ya ine mbele yetu?"

"Huyu mama hakuuwa ngombe. Nitawaeleza. Lakini kwanza nipeni pombe."

Nilidhani shida yangu ilikuwa kwa wanaume wa fimbo. Aliyekataa alikuwa Feresita.

"Sitoe," akasema. "Ngombe ikikufa na pombe yangu ndani ya tumbo, batanimaliza leo leo. Batoto yangu watabaki na nani? Baba yao iko mu gereza. Tafuta kwingine, Docteur."

Na alikuwa na haki. Ningemwambia nini? Kwamba dawa hii haikosei? Inakosea. Nilikuwa nimeitumia mara chache tu, na si kila mara ng'ombe aliamka. Nilikuwa nimesimama kati ya ng'ombe wa mwisho wa mtu na shingo ya mtu mwingine, na kama mngeniuliza wakati ule ningependa kuwa wapi, ningesema kwa baba, nashona suruali.

Hapo ndipo nilipoamua kitu ambacho mwalimu wenu atawapa sifuri mkikiandika kwenye mtihani. Yule mweusi aliyekuwa chini bado alikuwa anapumua. Kwa utaratibu, unajaribu wote. Nilimwambia Feresita kwa sauti ya chini kwamba mweusi sitamgusa. Atakufa bila tone la pombe yake. Nitampa Gaju peke yake, kwa sababu Gaju bado amesimama, na nafasi iko upande wake. Sikuwa na uhakika kwamba mweusi asingepona. Lakini niliuona umati ule, na mnyama mmoja tu akifa akiwa na pombe ndani, pasingekuwa na Docteur wa kuwatuliza.

Feresita alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu. Mzee Karekezi alikuwa ameinuka, magoti yote tope, anakuja. Wanaume walimpisha, wakidhani anakuja kumpiga. Alisimama mbele ya jirani yake ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu habari ya viazi.

"Maman," akasema, "saidia miye. Nimebaki na moja tu."

Feresita akasema, "Bakuye babebe mitungi."

Mitungi ikaletwa, na madumu. Harufu yake ilitangulia. Sasa desturi ikataka haki yake, hata pale, hata kwa ng'ombe. Wanaume walimwambia Feresita aonje kwanza, wote waone. Akachota kwa kibuyu, akanywa mpaka chini, uso umemkunjamana. Mmoja akadai na mimi nionje. Mwingine akamwambia, "Huyu ni Muslimu, hatakunywa, na njo maana iko rahisi kwake kusema." Watu wakaguna.

Mzee Karekezi akachukua kibuyu mkononi mwa Feresita, akachota, akanywa yote. Alipomaliza macho yalikuwa yamemtoka.

"Mama weye!" akasema. "Hii hata chawa inaweza kufa!"

Mtu mmoja alicheka, halafu mwingine. Feresita mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono wenye ndizi. Niliitumia ile nafasi. Niliwaambia wenye fimbo waziweke chini waje wamshike ng'ombe, na wakaja, maana mtu akipewa kazi ya mikono anasahau kidogo alichokuja kufanya.

Sikilizeni namna ya kunywesha, maana naona siku hizi mnafanya haraka. Kichwa kisiinuliwe juu sana. Pua isipite jicho. Ukikiinua kama unamnyonyesha mtoto, maji yanakwenda mapafuni na umemuua wewe mwenyewe, bila urea. Chupa iingie pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, umimine kidogo, ungoje ameze, umimine tena. Akikohoa, achia kichwa. Tulimimina pombe, tukamimina maji ya chemchemi, tukarudi kwa pombe. Mikono ilikufa ganzi. Nusu ya dawa ilikuwa juu ya shati langu.

Yule mweusi alikufa tukiwa bado tunamimina. Alilia mara moja, akanyooka. Mzee Karekezi alimgeukia, akamwita jina lake, akarudi kushika kamba ya Gaju.

Tulipoishiwa na pombe tukakaa kungoja. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna anayeifundisha. Unakaa na mwenye mnyama, mnatazama ubavu pamoja. Ndipo Mzee Karekezi aliponieleza, kwa sauti ya chini, mfuko ulitoka wapi. Alikuwa ametoka Bugarama kwa rafiki yake Hamisi, mkulima wa mpunga, ambaye hata mimi namjua, tunasali naye akija Kamembe. Mvua ilikuwa inanyesha. Hamisi alimpa mfuko ajifunike kichwa, akamwambia, "Imebakia kidogo ndani, Mzee, itakusaidia." Kwa mtu wa mpunga, kitu cheupe kilichobaki kwenye mfuko kinajulikana ni nini, hakuna haja ya kueleza. Kwa mtu wa ng'ombe pia kinajulikana, ni chumvi. Na zawadi huulizi ni ya nini. Alionja kidogo nyumbani, akaona ni chungu, akajisemea ni chumvi iliyokaa sana.

"Usiniulize tena, Docteur," akasema. "Nimekuambia weye peke."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Bukavu Gaju alipobeua. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama hiyo, na nimesikia adhana za misikiti mingi. Alibeua tena, ubavu ukashuka, ngozi ikaacha kumcheza. Akageuza shingo akaanza kumlamba Mzee Karekezi shati. Maman Riziki alilia kwa sauti mara ya kwanza siku ile.

Kwa wakati huo mkubwa wa mtaa alikuwa amefika, ameitwa kwa habari kwamba kuna mulozi amekamatwa. Aliuliza nani ameua ng'ombe. Nilifungua mdomo, lakini Mzee Karekezi aliniwahi.

"Ni miye," akasema. "Nililoweka mufuko ya mbolea, nikafikiri ni ya chumvi. Nimeuwa ngombe yangu na mikono yangu. Huyu mama hana kosa. Njo ameniponyeshea hii moja."

Wanaume walitazamana. Fimbo zilikuwa chini, na hakuna aliyejua aiokote yake vipi bila kuonekana. Nilishusha pumzi. Nilisema moyoni, imekwisha, naweza kwenda kunawa.

Halafu mtu akauliza, "Na ule mufuko, nani alikupatia?"

Niligeuka nione ni nani. Alikuwa Feresita. Alikuwa amesimama na madumu yake matupu, dakika chache tu tangu Mzee aseme hana kosa, na alikuwa ameinama mbele kidogo kama wengine, anataka jina. Na wengine wote walikuwa wamegeuza nyuso kwa Karekezi, na niliona kwa macho yangu mtu mmoja akiinama kuokota fimbo.

Nimefikiria sana sura yake ile. Sijawahi kumlaumu. Mtu aliyekuwa anazama hushika kilicho karibu, na kama sumu ni ya mtu mwingine, mwenye jina, basi kwake imeondoka kabisa. Lakini nilichoka, vijana. Nilichoka siku ile kuliko siku zote za vita.

Mzee Karekezi hakufikiri muda mrefu.

"Hakuna muntu," akasema. "Niliokotaka mu barabara."

"Barabara gani?"

"Ya Bugarama. Ilianguka mu camion, lori ya mbolea. Nikaokota."

Mkubwa wa mtaa alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. "Docteur, ni vile?"

Hamisi alikuwa na watoto, na alipita njia ya mlima ule kila alipokwenda kuuza mchele. Mzee Karekezi hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa anamfuta Gaju povu kwa kiganja.

"Ni vile," nikasema.

Feresita aliguna, akabeba madumu yake akateremka kwake. Watu wakatawanyika. Wengine walirudi kunywa pombe yake, taratibu, mmoja mmoja. Wengine hawakurudi mpaka leo. Mizoga tuliizika kwa kina, kwa maana nyama ya namna hiyo hailiwi, hata njaa ikiwa kali vipi, na kuwazuia watu wasiifukue ilikuwa vita nyingine. Mimi niliingia nyumbani Kamembe nikiwa nanuka kilabu kizima. Mke wangu alininusa mlangoni, akaita mama yangu, na walikaa wawili wakanisikiliza nikieleza habari ya ng'ombe mpaka mwisho. Hawakuamini hata neno. Nililala kwenye mkeka sebuleni.

Nilirudi Mururu kumwangalia Gaju mara kwa mara mpaka akazaa. Muda mfupi baada ya kuzaa nilimkuta Hamisi pale. Alikuwa amekuja kutoa pole, amechelewa kwa sababu ya mavuno, na alikuwa ameleta mchele. Alikaa kwenye kigoda, amesikitika kwa kweli, anatikisa kichwa.

"Lakini Mzee," akasema, "ni mushenzi gani anaangushaka mbolea mu barabara, anaenda bila kurudi kuangalia? Hakufikiri hata kidogo kama batu wako na ngombe?"

Mimi nilikuwa nimeinama nampima ndama. Niliendelea kumpima. Maman Riziki aliingia ndani.

"Hatumujui," Mzee Karekezi akasema. "Muntu tu, alikuwa na haraka."

Akachukua kibuyu cha maziwa ya Gaju, akapiga funda moja, akampa Hamisi.